Dhiraa Mbili Baada ya Voi

Boksi lilikuwa la viatu, limezungushiwa kamba ya katani, na kutoka Nairobi hadi Mokowe Bwana Obeid hakukubali litiwe kwenye buti la basi. Alilipakata safari nzima. Kwenye boti ya kuvukia Lamu alilikumbatia kwa mikono miwili, akamwachia mkewe, Bi Alawiya, mabegi yote mawili na kikapu cha parachichi. Abiria mmoja akamuuliza kama amebeba mayai.

"Vitu vya watoto," akajibu, akageuza uso kutazama maji.

Ndani ya boksi mlikuwa na treni ya kuchezea: injini moja ya betri, mabehewa matatu, na reli za plastiki za kuunganishwa. Ilikuwa ya mjukuu wao wa Nairobi, ambaye alikuwa ameshaichoka, na Amal, binti yao na mama wa mtoto, alikuwa anaitoa nje pamoja na takataka. Bwana Obeid akaiokoa. Alisema atawapelekea watoto wa mtaani. Huu ni mwaka wa pili sasa, na mtoto wa mtaani aliyeigusa treni ile bila mzee kusimama nyuma yake kama bawabu wa benki bado hajazaliwa.

Miaka arubaini Bwana Obeid alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba nyingi za mawe pale Lamu mjini zimepitiwa na mkono wake. Zile zidaka za ukutani, safu juu ya safu, ambazo wageni huja kuzipiga picha na kusema ni za kale, nyingine ni za mwaka juzi, na aliyezichonga alikuwa amekaa juu ya debe, kisu mkononi, anaimba vibaya. Lakini vumbi la chokaa halina shukrani. Lilimwingia kifuani taratibu, na mwaka ule kikohozi kikakataa kuondoka. Akilala chali anakohoa, akilala ubavu anakohoa. Mwishowe akawa halali kabisa. Anaketi kitini, na Bi Alawiya kando yake anamsugua mgongo mpaka alfajiri. Amal alipopata habari akasema mzee aletwe Nairobi, aonwe na daktari wa kifua.

Kwenda, walipanda treni Mombasa asubuhi. Kurudi, walichukua basi la usiku. Kwa hivyo nchi yote iliyo kati ya bahari na Nairobi Bwana Obeid aliiona mara moja tu, kwa saa sita hivi, kupitia kioo cha dirisha, naye ana miaka sitini na minne. Daktari alimpa vidonge na dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia kazi ya chokaa imekwisha. Siyo ipunguzwe, imekwisha.

Mtu mwingine angerudi nyumbani na huzuni hiyo. Bwana Obeid alirudi na treni kichwani.

Siku waliyofika, baada ya swala ya alasiri, aliketi kwenye baraza ya nyumba yake na wenzake wakamzunguka.

"Nti hii ni pana, jamaa," akaanza. "Sikufumba mato hata dakika moja. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi, hakuna mti nilioukosa."

"Na ndovu?" akauliza Bwana Shuaib. Huyu ni rafiki yake tangu chuo cha Kurani, fundi wa kuunda majahazi kule Matondoni, ambaye hajawahi kwenda mbali zaidi ya Malindi na haoni sababu ya kwenda.

"Ndovu saba."

"Saba?"

"Niliwahesabu."

Bi Alawiya alikuwa ndani ya daka, kile kiukumbi cha mlangoni, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, anamimina kahawa. Alisikia kila neno. Akampitishia mumewe sinia, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko sinia linavyohitaji, akaingia ndani.

Maana ukweli ulikuwa huu: treni ilipoondoka Voi, Bwana Obeid alikuwa anaeleza kwa sauti kubwa jinsi reli inavyojengwa, jambo asilolijua. Katikati ya maelezo akapiga mwayo. Alipofumbua macho, mhudumu alikuwa anasukuma kigari cha chai na kipaza sauti kinatangaza Mtito Andei. Sehemu nzima ya mbuga, ambayo watu hulipa ndege kuja kuiona, aliipita mdomo wazi.

Mkewe hakusema neno siku ile wala siku zilizofuata. Mwanamke wa Lamu hamtahayarishi mumewe mbele ya watu. Ila nyumbani, mara moja moja, akimpakulia chakula, aliuliza, "Nikupakulie cha mtu mmoja, au cha ndovu saba?" Na Bwana Obeid alidhani anataniwa kwa sababu ya tumbo lake.

Baada ya mwezi wa kukaa bure, mikono ikaanza kumwasha. Akapanda chumba cha juu, kilichokuwa cha Amal kabla hajaolewa, akalaza ubao wa mlango wa zamani juu ya makreti mawili ya soda, akaunganisha reli juu yake duara refu kama yai. Treni ikazunguka. Ikazunguka tena. Baada ya robo saa aliona aibu kidogo. Treni ilikuwa inakwenda, lakini haikuwa inakwenda popote. Ubao ni ubao. Ilihitaji nchi ya kupita.

Akateremka kuomba ruhusa, na Bi Alawiya akatoa masharti mawili akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso.

"La kwanza, hakuna hata shilingi itakayopanda ngazi ile. Hela ya dawa ni ya dawa. La pili, hakuna chokaa."

"Milima nitaijenga kwa nini? Kwa pumzi?"

"Pumzi yenyewe unayo? Wewe si fundi, Bwana Obeid? Tumia ufundi."

Kumwambia fundi wa chokaa ajenge mlima bila chokaa ni kumwambia mpishi apike wali wa nazi bila nazi. Siku mbili alinuna. Siku ya tatu alionekana kwenye duka la mayai akiomba trei zilizochanika. Alizirowesha kwenye ndoo hadi zikawa uji, akazikamua, akachanganya na gundi aliyoipika kwa unga wa ngano, akaona kinachotoka kinafinyangika vizuri kuliko alivyotarajia. Vilima vya Mazeras vikainuka, vimejengwa juu ya chupa za maji zilizopasuliwa. Kutoka Matondoni akaletewa gunia la unga wa mbao, zawadi ya Bwana Shuaib, aliyekuwa akiutupa siku zote. Alipouchanganya na unga mkavu wa hina ukawa majani mabichi ya Mariakani. Vijiti vya udi vilivyokwisha kuungua vikawa nguzo za umeme. Makumbi ya nazi yakachambuliwa yakawa minazi mifupi, na kokoto za ukingoni mwa reli zilikuwa kokoto kweli, zilizopepetwa kwa ungo.

Ungo wa nani, hina ya nani, hayo hayakuulizwa mapema. Yaliulizwa siku ya Ijumaa.

"Bwana Obeid," Bi Alawiya aliita kutoka jikoni. "Manjano yangu yako wapi?"

Sauti ikateremka ngazi: "Yako Taru."

"Taru ni wapi?"

"Baada ya Mariakani. Kule nyasi zimekauka, Bi Alawiya. Nilihitaji rangi ya ukame."

Akapanda mwenyewe kwenda kuona. Jangwa la Taru lilikuwa limelala mbele yake, lina rangi ya dhahabu, linanukia biriani. Katikati yake mlisimama mibuyu mitatu mikubwa yenye matawi mafupi ya kukunjamana. Akainama akaitazama karibu.

"Hii ni tangawizi yangu."

"Tazama ilivyofanana, lakini. Mbuyu mtupu!"

Ilifanana kweli, na Bi Alawiya akaiacha pale. Ijumaa ile walikula wali mweupe. Wiki mbili baadaye mmoja wa mibuyu ile ulichipua jani la kijani, na Bwana Obeid akawaita watu watatu waje waone mvua ilivyonyesha Taru. Bi Alawiya akaung'oa, akautia kwenye chai.

Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa ikijengeka, kutoka Mombasa kwenda bara. Baada ya Voi ikasimama. Bwana Obeid akaruka kidogo, akajenga Mtito Andei, Kibwezi na Emali, akajenga uwanda wa Athi na maghorofa ya Nairobi kwa maboksi ya dawa yake ya kuvuta. Kwa kuwa reli ilikuwa duara, Nairobi na Mombasa zikagusana migongo, na mtu akitoka mlango wa nyuma wa stesheni ya Nairobi angetumbukia baharini. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni dhiraa mbili za ubao mtupu kati ya Voi na Mtito Andei, zenye misumari miwili ya kutu na tundu la kitasa. Alifagia pale kila siku. Alipapima. Alipatazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

Mwalimu Kemunto, Mkisii aliyepanga chumba cha chini na anayefundisha shule ya msingi pale mjini, alipanda siku moja kurudisha sufuria, akabaki mlangoni ameshika mdomo.

"Aki Mzee Obeid! Hii yote umefanya wewe?"

"Na Mwenyezi Mungu."

Akaonyeshwa kila kitu. Miritini hii hapa, stesheni ya Mombasa, daraja hili hapa, huyu ni mbuzi. Kidole chake kikafika kwenye ubao mtupu.

"Na hapa?"

"Hapo ni Tsavo."

"Iko wapi?"

"Haijakauka," akasema Bwana Obeid.

Kemunto akatazama ubao mkavu kabisa, na kwa kuwa alilelewa vizuri hakuuliza tena. Akatoa simu. "Ngoja nikuonyeshe picha za Tsavo, ziko mingi kwa mtandao."

"Mwalimu, mtu aliyeona kwa mato yake mwenyewe huonyeshwa picha ya nini?" Kisha, kana kwamba ni mazungumzo tu, akauliza, "Hivi wewe ukienda kwenu, baada ya Voi huwa unaona nini hasa?"

"Mimi? Mimi hutoka na basi ya usiku, mzee. Tukipita Mariakani mimi ni maiti. Huamka Mlolongo, karibu na Nairobi."

Bwana Obeid akashusha pumzi. Naye Kemunto akasema jambo lililoleta balaa. Darasa lake la Gredi ya Nne walikuwa wanasoma mada ya usafiri. Walikuwa watoto thelathini na mmoja, na waliowahi kuona treni ni wawili tu. Je, angeweza kuwaleta Alhamisi ijayo?

"Walete," Bwana Obeid akasema, kifua mbele. Kemunto alipokwisha kuteremka ngazi, kifua kikarudi nyuma.

Kesho yake alikwenda Matondoni kwa miguu, polepole, anapumzika kila kwenye kivuli, kwa kisingizio cha unga wa mbao. Bwana Shuaib alikuwa amechuchumaa chini ya jahazi, anapigilia pamba kwenye nyufa za mbao.

"Shuaib," akamwambia, "kama wewe ungekuwa Tsavo, ungeiweka namna gani?"

"Mimi sijafika."

"Najua hujafika. Nauliza ungedhani kuna nini."

"Ndovu saba," Bwana Shuaib akajibu, nyundo haikusimama. "Wewe ndiwe uliyetwambia."

Basi akarudi akafinyanga ndovu. Alikuwa na mkono mzuri, na ndovu wale walitoka na masikio, mikonga na hata makunyanzi ya magoti, kila mmoja mkubwa kama dole gumba. Akawapaka jivu la mkaa lililochanganywa na gundi. Siku ya Jumatatu, mchana kweupe, alikuwa amewapanga mstari juu ya ubao mtupu kama askari wa gwaride, Bi Alawiya alipoingia na kikombe cha maji na dawa yake.

Akaweka kikombe. Akawatazama ndovu. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Kuna nini?" mumewe akauliza.

"Hakuna."

"Unacheka."

"Sicheki. Wa rangi gani hao?"

"Wa kijivu. Ndovu ni wa kijivu, kila mtu ajua."

Hapo Bi Alawiya akashindwa. Miezi yote ile alikuwa amejibana, na sasa kicheko kikamtoka hadi akashika ukingo wa Nairobi, ikatikisika.

"Walikuwa wekundu," akasema, anapangusa machozi kwa upindo wa kanga. "Wekundu kama vigae vya chungu. Wanajirushia udongo wa kule, unawaganda mwili mzima. Na hawakuwa saba, Bwana Obeid. Walikuwa watatu na mtoto."

Injini ilikuwa imesimama. Nje punda alilia, akanyamaza.

"Ulijua," akasema mzee.

"Kichwa chako kilikuwa juu ya bega langu. Nisijue vipi? Ulikoroma mpaka yule bibi wa kiti cha mbele akageuka mara mbili."

"Miezi minane ulijua!"

"Tisa."

Bwana Obeid akaketi kwenye kreti. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ndovu wa kweli. Akaacha kujitetea, akageukia kulaumu.

"Mbona hukuniamsha? Ndovu wanapita, mke wangu ananitazama nakoroma! Ungeniguza tu kwa kiwiko."

Bi Alawiya hakucheka tena. Akavuta kreti la pili, akaketi.

"Wiki tano hukuwa umelala," akasema. "Wiki tano nilikuwa nakusikia unavuta pumzi kama mtu anayevuta nanga. Nikawa nahesabu: hii ametoa, hii ameingiza. Tulipotoka Voi ukaniegemea, pumzi ikatulia. Nikasikiliza. Hukukohoa hata mara moja. Ndovu wakatokea dirishani, nikawaona, nikasema, hata wakiingia ndani ya behewa hawa, mimi simwamshi huyu mtu."

Bwana Obeid alikishika kikombe cha maji akanywa chote, ingawa dawa yenyewe aliisahau.

"Ilikuwaje lakini?" akauliza baadaye kidogo, kwa sauti ndogo. "Hapo nilipolala. Kulikuwa na nini?"

"Sogea," Bi Alawiya akasema.

Kuanzia hapo fundi akawa kibarua. Bi Alawiya alikuwa hajawahi kufinyanga kitu kikubwa kuliko katlesi, lakini alikuwa ameketi dirishani macho wazi, hawezi kusogeza bega, hana kazi nyingine ila kutazama, na nchi ile ilikuwa imemwingia yote. Reli, alisema, haikuwa chini pale. Ilikuwa imepandishwa juu ya tuta refu kama ukuta, na chini yake wameacha nafasi za wanyama kupita. Mumewe akabomoa alichokuwa ameanza, akainua tuta. Upande wa kushoto reli ya zamani, nyembamba, ya kutu. Nyuma yake lami na malori. Mlima mbali kule, wa buluu.

"Mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka Siyu, kule kisiwa kingine."

"Bi Alawiya, ubao una upana wa dhiraa mbili."

"Basi uufanye mdogo uonekane uko Siyu. Wewe si fundi?"

Akaufanya mdogo, akaupaka maji ya nili ya kufulia, ukarudi nyuma kama alivyotaka. Bi Alawiya akainamisha kichwa, akakubali kwa mguno. Wakagombana juu ya mti mmoja kwa muda wa saa nzima. Mzee alisema hakuna mti mwenye umbo la mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mkewe alisema wewe ulikuwa wapi hata ujue. Kila mzee alipotaka kubisha alikutana na swali hilo hilo.

Udongo ndio uliowashinda. Lamu mchanga ni mweupe. Walijaribu unga wa mbao kwa hina iliyokolea, ukatoka kahawia. Walijaribu pilipili ya kusaga, wakapiga chafya wote wawili, na hapo Bi Alawiya akapiga marufuku kwa sababu ya kifua. Akateremka jikoni. Bwana Obeid akasikia kishindo, akakimbia ngazini akidhani ameanguka. Alimkuta amesimama juu ya vipande vya chungu chake cha kupikia samaki, chungu kizima, kisicho na ufa.

"Bi Alawiya! Si ulisema hakuna hata shilingi itakayopanda ngazi?"

"Rangi yake ndiyo yenyewe," akasema. "Lete kinu. Na wewe utoke nje nikitwanga, usinivutie vumbi."

Mzee akafukuzwa barazani, akakaa nje kama mtoto aliyekosa, anasikiliza mchi ukigonga. Alipopanda tena, Tsavo ilikuwa nyekundu. Ndovu watatu walikuwa wamepakwa gundi na kuviringishwa katika unga wa chungu, na mdogo wao alikuwa ameshafinyangwa upya, mguu mmoja mfupi. Wanne waliobaki, wa kijivu, waliwekwa kidakani. Hawakuhitajika.

Alhamisi watoto wakaja kwa makundi mawili, viatu wameviacha chini. Kemunto alisimama mlangoni kuhesabu vichwa. Bwana Shuaib alikuwa amekuja mjini kununua misumari, akasema na yeye apande aone unga wake wa mbao umekuwa nini. Alipanda na wengine wawili wa barazani. Chumba kikajaa. Bwana Obeid alivaa kofia yake ya Idi.

Akaanza vizuri. Aliwaambia watoto habari za Miritini, akawaonyesha vilima, akawaacha wanuse Taru. Treni ikapita Voi, ikapanda tuta, na watoto wote wakasukumana mbele.

"Ndovu!"

Msichana mmoja mdogo, Nasreen, aliyekuwa mbele kabisa, akawahesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, na mtoto. Babu, hawa uliwaona kweli kweli au umebuni?"

Bwana Obeid akafungua mdomo. Alimwona Bwana Shuaib nyuma kule, ameinua vidole saba, anatabasamu. Akamtazama mkewe. Bi Alawiya alikuwa anatazama sakafu, anampa nafasi ya kusema atakavyo. Angesema elfu, asingemkanusha.

"Mimi sikuwaona," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala. Aliyewaona ni Bi Alawiya. Muulizeni yeye."

Watoto walicheka kwanza, kwa sababu kulala ndani ya treni waliona ni upumbavu mkubwa. Kisha wazee wakacheka, na Bwana Shuaib alicheka hadi akalazimika kutoka nje ya chumba. Kwa wiki nzima iliyofuata, kila Bwana Obeid alipopita mtaani mtu alikoroma. Muuza samaki mmoja alimletea mto.

Lakini pale chumbani hakuna aliyemsikiliza tena mzee. Bi Alawiya alikuwa amesogea mbele. Mwanzo alisema kwa sauti ya chini, anazungusha pete kidoleni. Akasema jinsi mtoto wa ndovu alivyojaribu kuinua udongo kwa mkonga wake, ukamwagika wote kabla haujafika mgongoni, na mama yake akamrushia wa kwake. Alipofika hapo alikuwa anaonyesha kwa mkono mzima, bega linapanda linashuka, na watoto wale wa kisiwa kisicho na reli walikuwa midomo wazi. Bwana Obeid alisimama pembeni akashika swichi. Alimsikiliza kama mgeni.

Kundi la pili lilipoondoka, Kemunto alisema mwalimu mkuu angependa reli ile ihamie shuleni. Wakapima. Ubao ulikuwa mpana kuliko ngazi. Aliupandishaje, Bwana Obeid mwenyewe hakumbuki. Kwa hivyo shule ndiyo inayokuja. Kila muhula madarasa mapya hupanda ngazi ile. Mzee husimulia pwani, Bi Alawiya husimulia mbuga, na kutoka Mtito Andei hunyang'anyana.

Mwezi wa Agosti Amal aliwaita tena Nairobi, mzee akapimwe. Safari hii walikata tiketi ya asubuhi kwenda na ya mchana kurudi. Bwana Obeid alikunywa kahawa chungu vikombe vitatu, akakaa dirishani. Treni iliposimama Voi, aliona bustani ndogo ya maua kando ya jengo na udongo wake mwekundu, akashuka bila kuaga mtu. Bi Alawiya alitazama nje akamwona mumewe amepiga magoti kwenye bustani ya watu, anachota udongo kwa leso, na mhudumu anakimbia kumfuata huku anapuliza filimbi. Mkewe alipiga ukelele ambao, kwa maneno ya Bwana Obeid, ulisikika Taita. Mzee alirudishwa ndani ameshikwa mkono, kofia imepinda, leso ameikumbatia.

Baada ya hapo alikodoa macho hadi Mtito Andei. Hawakuona ndovu hata mmoja. Waliona pundamilia, na hao walikuwa wamewageuzia migongo.

Nyumbani aliufungua ule udongo juu ya ubao, akaumwaga kidogo karibu na unga wa chungu. Wakainama wote wawili, vichwa vikagusana. Wa Voi ulikuwa umefifia.

"Ule wako ndio," akasema, akaukunja wa Voi ndani ya leso, akaenda kumimina kwenye kopo la mrehani la mkewe.